Madam na Leseni Tano

Ukitaka kumwelewa Madam, anza na chai.

Ofisi yetu ya Kisumu ilikuwa orofani, juu ya duka la vyuma, na kila siku saa nne asubuhi trei ilitoka jikoni na birika mbili. Birika ya kwanza ilikuwa maziwa matupu, majani ya chai yamepitishwa tu ndani yapate kuyatia rangi. Hiyo ilikuwa ya Mkurugenzi, ya kaka yake tuliyemwita Mwenyekiti, ya meneja na ya mhasibu. Madam mwenyewe alikunywa mwisho, kilichobaki humo. Birika ya pili ilikuwa maji mengi na maziwa ya kuonjeshwa, na hiyo ilikuwa ya makarani. Madereva na wapakiaji walikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kule chini, wameketi juu ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Sisi wa matawi tukija mjini tulikunywa strungi vilevile, hata kama tumefika na vumbi la safari hadi kwenye kope. Madam ndiye aliyemimina, na hakuwahi kukosea kikombe. Mkurugenzi akiwa Nairobi, kikombe chake kilijazwa kama kawaida, kikafunikwa kwa kisahani, kikawekwa mezani kwake. Mchana kilimwagwa kwenye sinki, kimeganda utando juu.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asimpe dereva kile kikombe badala ya kukimwaga. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu vya kulia kushoto. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote.

"Nyathina," alisema, "hicho ni cha mwenyewe."

Alizaliwa wapi, mume wake alikuwa nani, hayo watasema watu wake. Mimi nasema ya ofisini. Na niseme mapema, msomaji asije akadhani nimekaa hapa kumsifu: mama huyu ndiye aliyenipa tawi la Usenge, na ndiye aliyeninyang'anya. Yote mawili aliyafanya kwa moyo safi, na hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Angekuwa mwizi ningeshamsahau.

Kazi yake ilikuwa msimamizi wa ofisi, lakini hakuna aliyemtaja kwa cheo. Alikuwa Madam tu, hata kwa Mkurugenzi. Alivaa sketi ndefu ya buluu na koti lake, mvua au jua, na funguo zote za kampuni alizining'iniza kiunoni, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona. Neno lake lilikuwa mstari. Makarani wakigombania likizo, angesema, "Mstari, tufuate mstari." Wageni wakijazana mlangoni, mstari. Hata viti vya mkutano alivipanga kwa mstari aliokuwa nao kichwani, na ole wako ukae kisicho chako. Meneja mmoja mgeni, kijana wa shule nyingi, aliwahi kukalia kiti cha Mwenyekiti wakati Mwenyekiti ameenda msalani. Madam alisimama kando yake, kimya, akishika funguo zake zisilie, mpaka kijana akanyanyuka.

Mama wa dereva wetu mmoja alipofariki, tulienda matanga kwao, upande wa Bondo. Madam alifika na ujumbe wa kampuni, akaona jinsi nyama inavyogawanywa, akavua koti. Wenye boma walimwachia. Niliona kwa macho yangu wazee wasiomjua wakipokea kila mmoja fungu lililompasa, hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyesema amesahauliwa. Alimjua mkubwa kwa kumtazama tu. Wamama waliopika ndio waliokula mchuzi uliobaki, na Madam alikula nao, jikoni, kwenye moshi. Kwa hilo siwezi kumlaumu. Hakujipendelea hata siku moja.

Uaminifu wake ulikuwa wa kuchosha. Simu ilikuwa mezani kwake mchana kutwa, lakini akitaka kumpigia dada yake alishuka ngazi, akaenda posta, akapanga foleni. Penseli ya ofisi haikuingia mkobani mwake. Aliwahi kurudi kutoka stendi ya basi jioni, na mvua inanyesha, kwa sababu amekuta kibanio cha karatasi kimenasa kwenye sweta. Sisi tulicheka, tukasema huyu mama atamwuliza hata Mungu risiti. Tulicheka kwa sababu hatukujua kitu cha namna hiyo kinaweza kumgeukia mtu.

Na huruma yake, je? Nitaificha vipi? Binti yangu alipoumwa malaria ikampanda kichwani, Madam alikuja hospitalini kabla ya shemeji zangu. Alileta uji kwenye chupa ya chai na shuka safi, akakaa upande wa miguuni akiimba taratibu nyimbo za kanisani, na manesi wakadhani ni nyanya yake. Mtoto alipona. Mpaka leo binti yangu akisikia watu wananicheka kwa hasira zangu juu ya Madam, hunyamaza, na najua ananyamaza kwa nini.

Kazi yenyewe alinipigania. Kampuni ilinunua omena ufuoni na kuiuza kwa jumla, na Mkurugenzi alitaka mwanamume kule Usenge, maana ufuo una maneno yake. Mimi nilikuwa karani wa stoo, mama wa mtoto mmoja, mtu wa Sondu ambaye ziwa alilijulia ukubwani. Madam alimwambia Mkurugenzi kwamba anayeuza omena pale ufuoni ni mwanamke na anayeianika ni mwanamke, sasa mnunuzi mwanamume ataongea na nani? Basi nikapelekwa. Wamama wa pale waliniita Nyar Sondu, binti wa Sondu, na jina likaniganda.

Wa kwanza kuniuzia alikuwa Mama Atieno. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, na nyavu zake za kuanikia zilikuwa karibu kabisa na banda letu. Alinijaribu siku ile ya kwanza kwa kunipa omena yenye mchanga chini. Niliimwaga mbele ya watu, nikampa gunia lake. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakuniuzia kitu kibaya. Wengine walimfuata. Nilipata pale, kwa kusema ukweli, kitu ambacho Sondu haikunipa, mahali ambapo watu wanakuona unakuja na wanafurahi.

Shida ya omena ni kwamba haingojei. Ikikauka vizuri leo, kesho mvua inaweza kuigeuza chakula cha kuku. Bei nayo ya Kisumu ilibadilika kama uso wa mlevi. Miaka ya themanini tulikuwa na redio ya upepo, unapiga kelele "ova" mpaka sauti inakauka. Baadaye simu ya Usenge ikaanza kwenda moja kwa moja bila opereta, na kampuni ikaweka seva, kompyuta kubwa pale Kisumu iliyoshika bei, oda na hesabu zote. Kila tawi likapewa kompyuta na modemu, yaani Usenge, Katito na Sondu. Asubuhi jirani wa duka la soda akiwasha jenereta yake, mimi nawasha mashine. Modemu inapiga simu, inalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, halafu skrini ile ya Kisumu inakuja mbele yangu, mstari kwa mstari. Si picha yake. Ni yenyewe, nikiandika Usenge naandika ndani ya Kisumu. Naona leo wanataka magunia mangapi na kwa bei gani, natoka nje nawaambia wamama. Mama Atieno alizoea kusimama dirishani na kuuliza Kisumu imeamkaje. Hakuna mnunuzi mwingine pale ufuoni aliyejua bei ya mjini kabla ya jua kuchomoza sawasawa, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwadanganya wamama wale.

Redio ya upepo ikauzwa. Meneja akatoa amri kwamba ununuzi usiopita kwenye kompyuta si ununuzi. Tuliipigia makofi amri hiyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Halafu seva ikazeeka. Ikawa inazima katikati ya kazi, na Mkurugenzi akakubali kununua mpya. Alikuja fundi kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye begi la nyaya, na sisi wa matawi tukaitwa Kisumu kusikiliza. Alieleza polepole, na nilimwelewa. Seva mpya ina leseni yake, lakini hiyo ni ya seva kuwapo na kufanya kazi. Anayetaka kuingia ndani yake kutoka mbali anahitaji leseni nyingine, moja kwa kila mashine. Ile ya zamani haikuwa inauliza. Hii itauliza. Kwa muda mfupi wa mwanzo itawaachia wote waingie ili kampuni ijipange, kisha itafunga mlango, na asiye na leseni atabaki nje. Leseni zinauzwa kwa furushi la tano, akasema, na matawi ni matatu, kwa hiyo mtabaki na mbili za akiba. Akaongeza jambo ambalo nililisikia vizuri sana: mashine za hapa hapa ofisini, zilizounganishwa kwa waya, hazihitaji leseni hizo. Na akaonya kwamba leseni ikishapewa mashine imenasa humo, kuitoa ni mpaka kuandikiana na wenye programu huko ng'ambo, na mara nyingi hawakubali.

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, akatazama saa. Akamwambia Madam agawe.

Sasa nieleweke. Hakuna mtu aliyepanga ubaya. Ungekuwapo ungeona mama mzima amevaa miwani, ameketi wima, anafikiri kwa dhati jinsi ya kugawa vitu vitano kwa haki. Na haki aliijua moja tu. Ya kwanza akampa Mkurugenzi. Ya pili akampa Mwenyekiti, ambaye kompyuta yake ilikuwa bado na plastiki ya dukani. Ya tatu meneja, ya nne mhasibu. Ya tano, kwa kuwa ndiye mgawaji na hugawa mwisho, akajipa mwenyewe. Birika ya kwanza, kikombe kwa kikombe.

Fundi alijaribu. Alisema, "Lakini Mama, hizi za ofisini hazihitaji." Madam akamjibu kwa upole kwamba yeye ni mgeni. Hawezi Mkurugenzi kukosa kitu ambacho karani wa Usenge anacho. Watu watasema nini? Matawi yatapata awamu ijayo, kwa mstari. Kijana alinitazama, nikamtazama. Alikuwa na basi la kuwahi. Alizunguka ofisini akiwasha mashine moja moja, akaingiza kila moja kwenye seva kwa njia ile ya mbali, mara moja tu, leseni zikanasa. Ya Mwenyekiti ilibidi aichane plastiki kwanza.

Mimi sikunyamaza, wacha niseme hivyo. Nilisimama pale pale nikasema Usenge itafungwa mdomo. Madam akaniambia nikae, chai inakuja. Ililetwa, na yangu ilikuwa strungi.

Mlango ulifungwa asubuhi ya kawaida kabisa. Modemu ililia, ikaunganika, kisha badala ya skrini ya Kisumu kikaja kisanduku kidogo cha kijivu kikisema hakuna leseni kwa mashine hii. Nilijaribu tena. Nilijaribu mpaka jirani akazima jenereta. Mama Atieno alikuwa dirishani kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikuwa na jibu la Kisumu imeamkaje.

Katito na Sondu hawakuumia sana. Wao walikuwa wa kuuza, wako barabarani, lori la kampuni linapita kwao na habari. Usenge iko mwisho wa njia. Nilipiga simu ya mdomo, lakini bei alizonisomea Madam zilikuwa za jana, kwa sababu za leo ziko ndani ya kompyuta, na kompyuta yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nilinunua kwa kubahatisha. Niliandika ununuzi wa kila siku kwenye karatasi, nikampa dereva apeleke zikaingizwe huko Kisumu. Nilidhani hilo angalau ni jambo dogo. Dakika chache kwenye mashine yoyote ya ofisini, kwisha.

Kumbe karatasi zangu zilifika, zikapangwa vizuri kwenye faili la rangi ya waridi, na zikakaa. Nilikuta faili lenyewe nilipopanda basi kwenda Kisumu kuuliza kwa nini Mkurugenzi analalamika Usenge imelala. Nilimwuliza Madam kwa nini haziingizwi. Naikumbuka sura yake. Alikuwa amefurahi kuniona, ameshaniwekea sukari ya kupelekea mtoto.

"Leseni iko kwa mashine yangu, nyathina," alisema. "Sasa mimi niandike ya Usenge kwa hiyo? Si ni kama wewe uendeshe gari na leseni ya mtu? Polisi akikushika utamwambia nini?"

Nilimwambia hii si ya kuendesha gari. Nilimweleza aliyoyaeleza fundi, kwamba mashine yake imeungwa kwa waya na haihitaji leseni yoyote, angeweza kuandika ya Usenge, ya Uganda, ya popote. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema kitu cha Usenge huingizwa na Usenge, na yeye hajawahi kutumia kisicho chake, hataanza uzeeni. Nikamwendea mhasibu. Alikuwa mtu mzuri, na alimwogopa Madam kuliko Mkurugenzi. Akasema nisimwingize kwenye maneno hayo.

Nikarudi kwa Madam. Nilikuwa nimeshusha sauti, karibu nipige magoti. Nikamwambia, Madam, hata hujawahi kuiwasha hiyo yako. Waombe watu wa programu waitoe, nipe mimi. Nikamwambia habari ya Mama Atieno, kwamba anasimama dirishani kila asubuhi na mimi namwangusha. Nilimtaja Mama Atieno mara nyingi siku hiyo. Nilisema ana watoto, nilisema ndiye aliyewaleta wengine wote kwetu, nilisema akiondoka yeye ufuo wote utaondoka naye.

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. "Mimi nakupenda wewe sana, unajua," alisema. "Lakini nikikupa yangu leo, keshia atasema nini? Mtu wa stoo je? Hao wote wako mbele yako. Ngoja. Utafikiwa."

Nilichukua sukari yangu, ndiyo, niliichukua, mtoto alikuwa anakunywa uji bila sukari, na nikashuka ngazi bila kwaheri.

Mkutano wa kufunga Usenge haukuchukua muda. Mimi sikuitwa. Aliyenisimulia ni mhasibu. Mkurugenzi aliletewa karatasi iliyotoka kwenye seva, akaona Katito ina hesabu, Sondu ina hesabu, na safu ya Usenge ni nyeupe tangu juu mpaka chini. Akasema huko watu wanalipwa kuota jua. Madam alikuwapo, akiandika kumbukumbu za mkutano. Faili la waridi lilikuwa kabatini, hatua chache kutoka alipokuwa ameketi, na funguo kiunoni pake. Hakusema kitu. Baadaye nilimwuliza kwa simu, nikilia kama mtoto, kwa nini hakusema.

"Anayeandika haongei," aliniambia, na nikasikia naye analia.

Alilia kweli. Alinitumia barua ya mapendekezo nzuri ajabu, na sanduku la nguo za mtoto. Nilimvalisha mbuzi. Sitanii, nilimfunga mbuzi wa jirani blauzi ya pinki, watoto wakamfuata ufuo mzima wakipiga vigelegele, na nikacheka kwa mara ya mwisho pale Usenge.

Siku ya kufunga banda mvua ilikuwa inatishia. Wamama walikuwa wameshaanika omena nyingi wakiningojea mimi. Wanunuzi wengine walikuwa wamekaa kando, mikono mifukoni, wanajua sasa watasema bei yao. Mama Atieno alinisaidia kubeba ile kompyuta hadi kwenye lori, akaifunika na kanga yake isilowe. Hakuuliza mambo ya leseni, na hata angeuliza ningemweleza vipi? Aliuliza jambo moja tu.

"Nyar Sondu," alisema, "kwani umetuchoka?"

Nilisema hapana. Lori lilikuwa linanguruma, sijui kama alisikia. Mvua ilinyesha kabla hatujafika Bondo, mvua ya kweli, na njia nzima nilikuwa naziona zile nyavu.

Watu hunishauri nisamehe. Pasta ameniambia, dada yangu ameniambia. Wanasema mama alikuwa mzee, kompyuta zimekuja juzi, angejua nini? Mimi nawajibu kwamba wamama wa Usenge hawakuwahi kugusa kompyuta, na walijua ni kitu cha kukuletea bei asubuhi. Madam aliambiwa na fundi, nikamwambia mimi, na bado akaona vikombe. Siwezi kuondoa hilo moyoni kwa kuambiwa niliondoe.

Sasa nauza omena kwa gorogoro, ule mkopo wa kupimia, sokoni Sondu, ya watu wengine, iliyoguswa na mchanga. Juzi juzi, kabla miaka hii ya tisini haijaisha, nilishuka Katito kununua magunia matupu, na pale panapokata njia ya Kendu Bay nikasikia funguo. Niligeuka kabla ya kufikiri. Alikuwa amekonda, sketi ileile ya buluu, na zile funguo sasa zilikuwa za nyumba yake tu, lakini alizivaa kiunoni vilevile. Alistaafu, akajenga karibu na hapo. Alinikumbatia katikati ya soko, akauliza habari za binti yangu kwa jina, akaulizia hata kikohozi alichokuwa nacho zamani. Ningesema nina haraka. Sikusema. Labda nilitaka kumwona akiwa na aibu.

Nyumba yake ilikuwa safi ungeweza kula sakafuni. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na kitambaa chake cha kushona. Umeme haukuwa umefika kwake, nguzo zilipita kule barabarani zikaenda zao. Na pale mbele, kwenye meza ya peke yake, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi, kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa kitambaa cheupe chenye maua. Alikiinua kwa vidole viwili, kama anaonyesha mtoto aliyelala.

"Si unaikumbuka?" alisema. "Ile ya mezani kwangu. Mkurugenzi alisema, Madam, umetumikia, enda nayo."

Nilitazama ile skrini. Ilikuwa mpya kama siku ile ya fundi. Nikamwuliza, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali, kama leseni iliondolewa kabla hajaileta nyumbani.

"Walitaka kuitoa," alisema. "Nikakataa. Nikawaambia hiyo ni yangu, nilipewa kwa haki. Iko ndani."

Akafunika tena, akanyoosha pembe za kitambaa. Kisha akaenda jikoni, akarudi na trei. Birika ilikuwa moja, na alipomimina niliona ni maziwa matupu. Alinipa kikombe cha kwanza, mimi, akasema leo wewe ndiye mgeni wangu mkubwa. Miaka yote ile ya kazi sikuwahi kuonja birika ile. Harufu yake ilikuwa nzuri, sitadanganya, na mdomo wangu ulijaa mate.

Nilichukua kisahani, nikakifunika kikombe, nikakisukuma mpaka kando ya kompyuta.

"Hunywi?" aliuliza.

"Hapana, Madam. Hicho ni cha Mama Atieno."

Alitazama kikombe, akatazama mlangoni, akaanza kuvuta kiti kimoja kukitoa kwenye mstari. Uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa.

"Ni nani huyo?" alisema. "Yuko nje? Mwambie aingie."